Hazina Iliyositirika Shambani

Somo: Mathayo 13:44



Neno tunalolifikiri mwezi huu ni fupi, mstari mmoja tu. Lisomeni kwanza katika Biblia zenu, kisha mrudi hapa. Mwokozi wetu asimulia habari za mtu aliyekuta mali iliyozikwa katika shamba. Mtu yule aliifunika tena, akaenda zake akiwa amejaa furaha, akaviuza vyote alivyokuwa navyo, akalinunua shamba lile. Bwana hakutaja jina la mtu, wala hakutoa hesabu ya mali. Lakini wasikilizaji wake walimfahamu mara moja, kwa maana siku zile watu wengi walizichimbia fedha zao ardhini ili ziwe salama. Vita vilipokuja, mwenye mali alikimbia, naye mara nyingi hakurudi. Siri yake ikafa pamoja naye, na udongo ukakaa juu ya mali isiyo na mwenyewe.

Mambo hayo si ya zamani tu. Hata leo wako watu watafutao hazina mashambani, wala hawatafuti kwa jembe tu. Wanacho chombo cha kutambulia madini: fimbo ndefu, na mwishoni mwake duara la nyaya za shaba lipitishwalo juu ya udongo. Umeme uliomo katika duara huamsha umeme mdogo katika madini yaliyofichwa chini, na chombo husikia, kikalia. Mwaka 1881 bwana Alexander Graham Bell, yule aliyejulikana kwa simu, alitumia chombo cha namna hiyo kuitafuta risasi katika mwili wa Rais Garfield wa Marekani, asiipate. Katika vita vya pili vya dunia askari walitumia vyombo vya jamii hiyo kutafuta mabomu yaliyofukiwa katika mchanga wa El Alamein, mwaka 1942. Sasa watu wa Uingereza huvitumia katika mashamba yaliyokwisha kuvunwa, wakitafuta sarafu za kale.

Nami nataka kuwasimulia habari mbili za nchi ile, ya kwanza njema na ya pili mbaya, kwa kuwa zatusaidia kulifahamu Neno la Bwana, tena kwa kuwa jambo hili limefika katika sharika zetu wenyewe, kama mtakavyoona.

Habari ya kwanza. Katika kijiji cha Hoxne, jimbo la Suffolk, mkulima mmoja alipoteza nyundo yake shambani. Akamwomba rafiki yake, mzee aliyestaafu kazi ya bustani, aje amtafutie kwa chombo chake. Ikawa tarehe 16 Novemba 1992 mzee akaenda shambani, chombo kikalia, akachimba. Hakuona nyundo. Akaona sarafu za dhahabu, na za fedha, na vijiko vya fedha. Baada ya kutoa baadhi, akafanya jambo ambalo wengi wasingaliweza kulifanya: akaacha kuchimba. Habari ikapelekwa kwa wenye mamlaka, na kesho yake wataalamu wa mambo ya kale wakaja, wakafukua polepole.

Kwa kuwa aliacha, wataalamu waliweza kuona jinsi vitu vilivyopangwa. Vilikuwa vimewekwa katika sanduku la mti, na ndani yake visanduku vidogo vyenye kufuli, na vitu vingine vimefungiwa nguo na majani makavu. Sarafu zilihesabiwa 14,865: za dhahabu 569, za fedha 14,272, na za shaba nyeusi 24. Vilikuwako pia vijiko na kata za fedha karibu mia, na mapambo ya dhahabu. Sarafu za mwisho zilipigwa mwaka 407 au 408, wakati utawala wa Warumi ulipokuwa ukikoma katika kisiwa kile. Serikali ilimlipa mzee yule tuzo ya pauni 1,750,000, naye akagawana na rafiki yake mkulima, ingawa sheria ya siku zile haikumlazimisha. Hazina yote iko katika jumba la makumbusho, British Museum, mjini London. Hata ile nyundo ilionekana baadaye, nayo imewekwa huko.

Habari ya pili. Mwezi wa Juni mwaka 2015 watu wawili walikwenda na vyombo vyao katika shamba karibu na mji wa Leominster, jimbo la Herefordshire. Hawakuwa na ruhusa ya mwenye shamba. Wakakuta pete ya dhahabu, na bangili, na kipande cha bilauri kilichofungwa kwa dhahabu, na sarafu zipatazo 300, vitu vilivyozikwa yapata mwaka 879, siku za vita vya Waviking. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1996, mtu apataye hazina yampasa kutoa habari kwa afisa wa serikali katika siku 14. Kisha jumba la makumbusho laweza kuinunua, na bei yake kwa desturi hugawanywa kati ya aliyeipata na mwenye shamba. Kama wangaliomba ruhusa na kusema kweli, wangalipata sehemu yao kwa haki, nao wangalilala usingizi mtamu. Lakini hawakutaka kushiriki na mtu. Waliuza kwa siri. Walipiga picha za vitu vile vikiwa bado shimoni, kisha wakazifuta. Lakini askari walizirudisha picha zile kutoka katika simu. Mwaka 2019 watu hao wakahukumiwa kifungo kirefu. Wakati ule sarafu zilizokuwa zimepatikana zilikuwa 31 tu. Nyingine nyingi zimetawanyika, na mahali zilipo hapajulikani.

Mwaka uo huo wa 2015, katika jimbo la Oxfordshire, mtu mwingine alipata hazina ya wafalme wale wale, yenye sarafu zipatazo 200. Yeye alitoa habari, naye hakupotewa na kitu. Nchi ni moja, sheria ni moja, sarafu ni za namna moja. Aliyetoa habari alikwenda kwake kwa amani, na waliozificha walikwenda kifungoni.

Basi tujifunze mambo manne.

KWANZA: Kitu cha mwenzako kilichofichika kingali cha mwenzako.

Wengine husema, "Mali iliyolala ardhini haina mwenyewe, mwenye bahati ndiye mwenye mali." Neno la Mungu halisemi hivyo. Soma Kumbukumbu la Torati 22:1-3, uone jinsi Mungu alivyowaagiza Israeli kuhusu ng'ombe aliyepotea, na vazi, na kila kitu kilichopotea: mtu asijifanye hakukiona. Soma tena Mambo ya Walawi 6:1-5. Mtu aliyeokota kilichopotea akakana, Mungu amhesabu pamoja na mnyang'anyi, naye atakirudisha na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Katika Katekisimo tumejifunza kwamba Amri ya Saba haimkatazi mwizi wa usiku tu. Yatuagiza kumsaidia jirani aihifadhi mali yake. Mwenye shamba aliyelala usingizi, asijue kilichomo chini ya mahindi yake, ni jirani. Kutojua kwake si ruhusa.

Hapa walimu wengine huuliza swali, nalo ni swali zuri: "Je, mtu wa mfano wa Bwana hakumdanganya mwenye shamba? Mbona aliificha hazina, akanunua pasipo kusema?" Jibu ni hili. Bwana hakutoa mfano huu ili kutufundisha sheria ya kununua mashamba, kama vile hakutoa mfano wa mwivi ajaye usiku ili atusifie wizi. Kila mfano una shabaha yake. Walakini angalieni hata hapa: mtu yule hakuichukua hazina akakimbia nayo gizani. Hakuhesabu kuwa ni yake mpaka shamba limekuwa lake. Alilipa bei yote iliyotakwa, na bei hiyo ilikuwa ni vyote alivyokuwa navyo. Wale wawili wa Leominster walitaka hazina pasipo shamba. Mtu wa Injili alilitwaa shamba zima, pamoja na miiba yake na mawe yake, kwa ajili ya hazina. Tofauti ni kubwa.

PILI: Mwizi haibi mali tu, huiba na ushuhuda.

Katika zile sarafu za Leominster zilikuwamo chache zenye picha ya wafalme wawili wameketi pamoja, bega kwa bega. Mmoja ni Alfred mfalme wa Wessex, ambaye Waingereza humsifu hata leo. Wa pili ni Ceolwulf mfalme wa Mercia. Kitabu cha tarehe kilichoandikwa na watu wa upande wa Alfred kilimdharau sana Ceolwulf, kikamtaja kama mtu mpumbavu, kibaraka wa adui. Kwa miaka zaidi ya elfu watu wakasadiki hivyo. Lakini sarafu zasema neno lingine: kwamba wafalme hao walikuwa wenzi, wakipiga fedha za namna moja kwa mapatano. Mtu aliyesingiziwa amepata shahidi kutoka udongoni! Na wale wezi waliwatawanya mashahidi hao, mmoja huku na mmoja kule, kwa ajili ya fedha za kula. Tazameni jinsi avunjaye Amri ya Saba aivunjavyo na ya Nane pamoja nayo.

Kwa hiyo mzee wa Hoxne alifanya vema alipoacha kuchimba. Sarafu moja mkononi mwa mtu ni kipande cha fedha. Sarafu ile ile mahali ilipolazwa, pamoja na wenzake na sanduku lake, ni barua. Ndugu, tendo la kuacha lina heshima yake. Wengi wetu tunajua kuanza. Neema ya kuinua mkono kutoka katika kitu tunachokitamani, huku bado kinang'aa mbele yetu, ni ya wachache. Akani hakuwa nayo. Someni Yoshua 7. Aliona vazi zuri la Shinari, na shekeli 200 za fedha, na ulimi wa dhahabu, akatamani, akatwaa, akazika chini ya hema yake. Jeshi zima likashindwa kwa ajili ya shimo moja. Dhambi ya mtu mmoja iliyofukiwa nyumbani kwake yaweza kuudhoofisha usharika mzima.

TATU: Tujihadhari tusiwe sarafu zilizokatwa pembeni.

Sarafu za fedha za Hoxne zilikuwa na jambo la kushangaza. Karibu zote zilikuwa zimekatwa kingo. Watu wa siku zile, fedha mpya zilipoacha kuletwa kutoka Rumi, walikata pembeni kidogo kidogo wakakusanya vipande. Lakini uso wa mfalme hawakuugusa. Walikata maandiko yaliyozunguka, wakaacha sura katikati, ili sarafu ikubalike sokoni ingawa uzito wake umepungua.

Je, hatuwajui Wakristo wa namna hiyo? Jina la Kristo wanalo, sura yake katikati hawaigusi: wamebatizwa, huja kanisani, huimba kwa sauti kuu. Lakini pembeni wamekata. Amri ya Sita imekatwa kidogo. Siku ya Bwana imekatwa kidogo. Deni la dukani limekatwa, ahadi kwa mke imekatwa, sadaka imekatwa. Kwa macho ya watu wangali fedha. Lakini Mungu ana mizani, wala hahesabu kwa macho. Siku atakapotupima, tutasema nini?

Tena katika vijiko vile vya Hoxne vimo vyenye alama ya jina la Kristo. Kwa hiyo yaonekana kwamba wenyewe, au jamaa zao, walikuwa watu wa Kristo. Bangili moja ya dhahabu ina jina la mwanamke, Juliana, pamoja na maneno ya kumtakia heri aivaapo. Hakuna ajuaye mwisho wake. Kufuli za visanduku zilikuwa nzima, bali mwenye ufunguo hakurudi. Kama hazina yake ilikuwa sandukuni tu, aliipoteza yote usiku ule. Kama ilikuwa katika Kristo, ambaye jina lake liliandikwa juu ya vijiko, hakupoteza kitu. Wapenzi, swali hilo ndilo litakaloulizwa juu ya kila mmoja wetu.

NNE: Hazina ya kweli hutangulia, na bei hufuata.

Sasa nirudi kwa jambo linalotuhusu nyumbani. Mwaka 1916, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Wajerumani walipiga katika mji wa Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo. Jambo hilo ni kweli. Lakini juu ya kweli hiyo watu wamejenga hadithi nyingi: kwamba kila boma la kale lina dhahabu chini yake, kwamba kila mti mkubwa uliopandwa na Wajerumani ni alama, kwamba chini ya makaburi ya wamisionari limo sanduku. Vijana hukodi vyombo vya kutambulia madini, hutoa mbuzi kwa mganga ili mizimu ifungue njia, hukesha wakichimba katika mashamba ya watu. Asubuhi mama mjane hukuta muhogo wake umeng'olewa. Wengine huuza shamba lao wenyewe wapate fedha za kumlipa tapeli mwenye "ramani". Hao wameugeuza mfano wa Bwana juu chini: huuza shamba halisi wapate hazina ya uongo!

Nami nawaambia kwa upendo, hasa ninyi walimu wa vijiji mnaoulizwa maswali haya. Kupata kitu cha kale si dhambi. Anayeokota sarafu alimapo, na apeleke habari kwa mwenye shamba na kwa serikali. Nchi ya Tanzania ina sheria ya mambo ya kale tangu mwaka 1964. Kupenda kujua habari za wazee si dhambi, ni jambo jema. Lakini kuchimba usiku katika shamba la mwingine ni wizi, hata kama hukupata kitu. Kufukua kaburi ni kuwavunjia heshima waliolala wakingoja ufufuo. Na kutoa mbuzi kwa mizimu ni kuvunja Amri ya Kwanza, ambayo juu yake amri zote zimesimama. Atakayemwona ndugu katika mambo hayo asinyamaze, wala asimwaibishe barazani; amwendee peke yake kwanza, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18.

Tena fikirini jambo hili. Chombo kile hakijui thamani. Hulia juu ya msumari wenye kutu kama kinavyolia juu ya dhahabu, nao wakitumiao huvumilia kuchimba misumari na vifuniko vya chupa siku nzima, mwezi mzima, kwa tumaini la sarafu moja. Mithali 2:4 yasema habari za kuitafuta hekima kwa bidii ya namna hiyo. Nani kwetu huinama juu ya Maandiko kwa saa ngapi? Mtu huchimba usiku kucha kwa habari ya uvumi, lakini sura moja ya Injili humlaza usingizi.

Lakini nisiwaache mkidhani ya kwamba ufalme wa Mungu hununuliwa kwa bidii yetu. Angalieni mpango wa maneno ya Bwana. Mtu yule alikuta kwanza. Kisha akafurahi. Kisha akauza. Hakuuza ili akute. Hazina ilikuwako chini ya miguu yake kabla hajaijua, wala si yeye aliyeiweka. Neema ya Mungu katika Kristo ndivyo ilivyo. Tuliyoyaacha nyuma, tuliyaacha kwa furaha, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuona. Ndiyo sababu Mkristo asiye na furaha huona kila amri kuwa ni hasara. Yeye ni kama mtu aliyeambiwa auze nyumba na ng'ombe, lakini hajaonyeshwa hazina.

Na ikiwa wewe usomaye wasema, "Mimi sijaikuta hazina hiyo, nimelala gizani kama sarafu iliyozikwa," basi soma Luka 15:8-10. Sarafu haiwezi kujitafuta. Haina sauti ya kuita, haina mguu wa kurudi. Lakini mwenye nyumba aliwasha taa, akafagia, akatafuta kwa bidii mpaka alipoiona, naye akawaita rafiki na majirani wafurahi pamoja naye. Mungu huwatafuta wenye dhambi hivyo. Mwana wake aliviacha vyote, akalipa kwa damu yake, ili akupate wewe uliyekuwa udongoni. Bei imekwisha kulipwa, tena haikulipwa gizani, bali mchana, juu ya mlima, mbele ya watu wote.

Basi aliye na kitu cha jirani alichokifukia nyumbani kwake, na akifukue leo akirudishe. Aliyekata pembeni, na atubu. Na aliyekuta, na afurahi.

Ee Bwana Yesu, utufumbue macho tuione hazina yako. Utupe mikono safi kwa mali ya wenzetu, na mioyo isiyo na shimo la siri. Amina.